Bwana wa Mafuta ya Taa: Kumbukumbu ya James Young, Mkemia wa Uskoti

Hapana mzee katika Kitui wala Makueni asiyeijua harufu ya mafuta ya taa. Kwa miaka mingi, kabla nyaya za umeme hazijafika vijijini, na kabla taa za nguvu za jua hazijauzwa madukani, koroboi ndiyo iliyokuwa jua la usiku. Mtoto wa shule alisoma kitabu chake karibu nayo, macho yakimwasha kwa moshi. Mama alimpimia mgonjwa dawa kwa mwanga wake. Karani naye alimaliza hesabu zake mbele ya kandili iliyotundikwa ukutani.

Wengi waliyatumia mafuta hayo, lakini ni wachache waliopata kusikia habari za James Young, mkemia wa Uskoti, ambaye ni mmoja wa watu wa kwanza walioyatengeneza kwa wingi hata yakaweza kununuliwa na watu wa kawaida. Habari zake zafaa kukumbukwa katika Ukambani, wala si kwa sababu ya koroboi tu. Maana mtu huyu alipokwisha kutajirika na kustaafu, alitumia mali yake kuwaheshimu watu waliomfikisha hapo alipofika. Na katika watu aliowakumbuka walikuwamo Waafrika wawili.

MWANA WA SEREMALA

James Young alizaliwa katika mji wa Glasgow tarehe 13 Julai 1811. Baba yake alikuwa seremala, naye mwenyewe alianza maisha kwa kushika randa na msumeno pamoja na baba yake. Mchana alifanya kazi, na jioni alikwenda kusoma katika Chuo cha Anderson, mahali ambapo watu wa kazi nao waliweza kupata elimu. Huko alifundishwa kemia na Thomas Graham, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu hiyo katika karne ya 19. Graham aliiona bidii yake, akamfanya msaidizi wake. Na mwaka 1837, Graham alipokwenda London kufundisha, Young alifuatana naye.

Katika chumba cha Young pale chuoni mlikuwa na meza ya ufundi na mashine ya kukerezea. Vijana waliopenda kazi za mikono walikuwa wakienda kujifunza. Mmoja wao alikuwa David Livingstone, kijana maskini aliyefanya kazi katika kiwanda cha pamba tangu umri wa miaka 10, na ambaye sasa alikuwa akisomea utabibu. Urafiki ulioanza mezani pale, kati ya patasi na nyundo, haukukatika mpaka kifo. Baadaye Livingstone alizoea kumtania mwenzake kwa kumpa cheo, kana kwamba Mafuta ya Taa ni jina la ukoo wa mabwana wakubwa.

MAFUTA KUTOKA KATIKA JIWE

Mwaka 1847 Young alipata habari kutoka kwa rafiki yake, Lyon Playfair, kwamba katika machimbo fulani ya makaa ya mawe huko Derbyshire, Uingereza, palikuwa na chemchemi ya mafuta mazito. Alikwenda akayachukua, akayasafisha, akapata mafuta mepesi ya taa na mafuta mazito ya kulainisha mitambo. Lakini haukupita muda mrefu chemchemi ile ikaanza kukauka.

Mtu mwingine angalikata tamaa. Young alifikiri hivi: ikiwa mafuta haya yametoka katika makaa ya mawe kwa joto lililomo ardhini, kwa nini mtu naye asiweze kuyatoa kwa joto la tanuri? Alijaribu mara nyingi makaa ya namna mbalimbali. Mwishowe aliona kwamba makaa ya aina fulani, yakipikwa polepole kwa moto usio mkali katika chombo kilichofungwa, hutoa mvuke; na mvuke huo ukipozwa huwa mafuta. Mwezi wa Oktoba 1850 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1851 kiwanda chake kilianza kazi Bathgate, Uskoti. Baadaye alipata mafuta katika mawe laini ya tabaka tabaka yaliyokuwa tele karibu na West Calder. Mafuta yaliangaza nyumba, na nta iliyotoka humo ikafanywa mishumaa. Kiwanda chake kikubwa cha Addiewell kilipoanza kujengwa, aliyeweka jiwe la msingi alikuwa rafiki yake Livingstone.

Ni haki kusema kwamba Young hakuwa peke yake. Abraham Gesner wa Kanada alikuwa amekwisha kuonyesha mafuta ya taa yaliyotoka katika makaa mwaka 1846. Tena tangu mwaka 1859, visima vya mafuta vilipoanza kuchimbwa Marekani, mafuta ya visima yaliyashinda ya mawe kwa urahisi wa bei, nayo ndiyo yaliyoenea duniani kote. Lakini Young alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kazi hii yaweza kufanywa kwa wingi na kwa faida, na kwamba mwanga mzuri si wa matajiri peke yao.

KUSTAAFU KWAKE

Mwaka 1866 aliuza kazi yake kwa kampuni, na baada ya miaka michache akajitoa kabisa katika biashara. Alikuwa na mali nyingi, na nyumba yake ya Kelly ilitazama bahari huko Wemyss Bay. Hata hivyo hakukaa bure. Alipoona kutu ikila chuma cha merikebu yake, alitafuta njia ya kuizuia kwa chokaa. Na katika miaka ya 1880 na 1881, yeye na mwanasayansi George Forbes walifanya majaribio ya kupima mwendo wa nuru. Mtu aliyeuza mwanga maisha yake yote alitaka, katika uzee wake, kujua jinsi mwanga unavyosafiri.

Lakini kazi aliyoipenda kupita zote ilikuwa kutunza urithi wa nchi yake. Mwaka 1870 alitoa pauni 10,500 ili Chuo cha Anderson, kilichompokea jioni akiwa kijana wa seremala, kiwe na profesa wa kemia ya viwandani. Mwalimu wake Graham alipokwisha kufa, Young aliupa mji wa Glasgow sanamu yake, ikasimamishwa mwaka 1872 katika uwanja mkuu wa mji. Tena alizikusanya karatasi za kitaalamu za mwalimu huyo, akagharimia kuzipiga chapa mwaka 1876. Alinunua pia vitabu vya kale vya kemia, vingine vya tangu zama ambapo watu walidhani risasi yaweza kugeuzwa dhahabu, ili wanafunzi wa Uskoti wajue elimu yao ilikotoka.

WAGENI WA NYUMBA YA KELLY

Livingstone alipoondoka kwa safari yake ya mwisho, serikali ya Uingereza ilimpa pauni 500, Chama cha Jiografia pauni 500, na rafiki yake Young pauni 1,000. Safari hiyo ilikwisha tarehe 1 Mei 1873, Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu muda wa miezi kama tisa mpaka Bagamoyo, pamoja na vitabu vyake vya kumbukumbu.

Mazishi yalifanywa London tarehe 18 Aprili 1874, kwa heshima kubwa sana. Kati ya Waafrika waliouchukua mwili ule kutoka bara, aliyekuwapo ni Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma hawakuwapo. Walikuwa wamelipwa mishahara yao na kuachwa.

Young aliona kwamba jambo hilo halikukamilika. Alitoa nauli yao kutoka mfukoni mwake, wakaletwa Uingereza mwaka uo huo, ingawa mazishi yalikuwa yamekwisha. Walimsaidia padre Horace Waller kuviweka sawa vitabu vya Livingstone, maana wao ndio waliojua majina ya mito, ya vijiji na ya watu. Kisha walikwenda Kelly, na huko walijenga kibanda kilicho sawa na kile ambamo bwana wao alifariki. Hapo mambo yaligeuka. Mwafrika ndiye aliyekuwa fundi na shahidi, na yule Mskoti tajiri akawa mwanafunzi.

NJIA ILIYOFIKA KIBWEZI

Chuma alirudi Unguja, na mwaka 1879 akawa kiongozi wa wapagazi katika msafara ambao, baada ya mkubwa wake kufa njiani, uliongozwa na kijana mwingine wa Uskoti, Joseph Thomson. Chuma alifariki mwaka 1882. Young alimfuata tarehe 13 Mei 1883, Thomson akiwa katika safari yake ya nchi ya Wamasai. Na mwaka 1884 Thomson huyo alirudi pwani kwa njia ya Ukambani, akiwa mgonjwa sana.

Mskoti mwingine, Dr. James Stewart, aliyepata kukutana na Livingstone kwenye mto Zambezi, ndiye aliyewaongoza wamisionari wa Uskoti mwaka 1891 mpaka Kibwezi, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni. Walikusudia kufundisha dini, kusoma, utabibu na kazi za mikono, kwa namna ile ile ambayo Young na Livingstone walijifunza Glasgow. Homa iliwaua wengi, na mwaka 1898 kituo kikahamishiwa Kikuyu, mahali panapoitwa Thogoto, jina ambalo watu husema limetokana na neno la Waskoti wenyewe. Lakini mwanzo wake ulikuwa Kibwezi.

FUNZO LA MUI

Kitui nayo ina jambo la kujifunza hapa. Makaa ya mawe yamo chini ya ardhi ya Bonde la Mui. Serikali ilianza kuyatafuta mwaka 1999, na katika sehemu moja ya bonde hilo yalikadiriwa kuwa tani milioni 400. Mwaka 2013 mkataba ulitiwa sahihi na kampuni ya Kichina. Wenyeji walikuwa na tumaini la kazi, na pia hofu ya kupoteza mashamba na makaburi ya wazee wao.

Watu wa West Calder waliyapitia hayo kabla yao. Kazi ya kutoa mafuta katika mawe ilidumu Uskoti zaidi ya miaka 100, ikafungwa mwaka 1962. Leo mgeni akienda huko ataona vilima vyekundu vya mawe yaliyochomwa. Vitano kati yake, vinavyoitwa Madada Watano, vinalindwa kwa sheria kama ukumbusho. Mafuta yamekwisha, na faida imekwisha gawanywa. Lakini Chuo cha Anderson kilikua hata kikawa, mwaka 1964, Chuo Kikuu cha Strathclyde, na vitabu vya Young vimo humo mpaka sasa.

Mali ya ardhini ina mwisho. Kinachobaki ni kile ambacho wenye mali walikiweka katika elimu ya watoto na katika heshima ya waliowatangulia. Ikiwa siku moja makaa ya Mui yatatolewa, watu wa Kitui watakuwa na haki ya kuuliza ni shule gani itakayosimama siku machimbo yatakapofungwa, na ni majina ya nani yatakayoandikwa mlangoni. Wazee walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. James Young alikuwa tajiri, lakini hakusahau meza ya seremala, wala mwalimu wa jioni, wala wale waliomchukua rafiki yake mabegani.