Mafuta ya Kikaangoni Yaweza Kuwasha Taa za Serikali

Penye kambi ya jeshi au kituo kikubwa cha polisi pana jiko, na penye jiko pana debe la mafuta yaliyokwisha kukaangia. Mafuta hayo ama humwagwa mtaroni yakaziba mabomba, ama hurudishwa kikaangoni mara ya tano na ya sita hata yakawa meusi, jambo lidhurulo afya ya walaji. Twaona kwamba ipo kazi iliyo bora zaidi: kuyageuza yawe mafuta ya kuendeshea jenereta za zahanati, ofisi na shule za umma.

Wazo hili si geni. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini, na mwaka 1938 basi lilisafiri kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta ya mawese. Wakati huo Ubelgiji ilikuwa ikiitawala Kongo, nchi ya michikichi. Mwaka 1997 mji wa Kyoto, Japani, ulianza kukusanya mafuta machakavu ya majumbani na kuyatumia katika magari ya taka. Na Bunge la Ujerumani lilipofunguliwa upya mjini Berlin mwaka 1999, jengo lake liliwekewa mitambo ya kutoa umeme na joto kwa mafuta ya mimea.

Hata hivyo, mafuta ya kikaangoni yasimiminwe tangini kama yalivyo. Ni mazito kupita dizeli mara kumi hivi; huziba nozeli, huacha masizi ndani ya silinda, na injini iliyonunuliwa kwa fedha za wananchi hufa. Sharti yachujwe makombo na kuchemshwa hata maji yatoke. Kisha huchanganywa na methanoli iliyoyeyushiwa kostiki soda, katika joto la nyuzi 60 hivi. Gliserini hutuama chini, nayo yafaa kwa sabuni. Mafuta mepesi hubaki juu, yakaoshwa na kukaushwa. Lita 100 huhitaji methanoli lita 20 hivi na hutoa karibu lita 100. Methanoli ni sumu: hupofusha, huua, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Basi kazi hii si ya mpishi, wala si ya askari aliyepewa adhabu ya jikoni. Ni ya fundi aliyefunzwa.

Jenereta ya kilowati 20 yenye mzigo kamili hunywa lita 6 hivi kwa saa. Kambi ikusanyayo lita 100 kwa juma itapata saa 16. Hizo hazitoshi kambi nzima, wala asidanganywe mtu. Lakini zahanati yenye friji ya chanjo na chumba cha kuzalishia, ikikosa umeme saa mbili kila usiku, itavuka juma zima. Wapo watakaosema ni afadhali mafuta yauzwe. Wajiulize kwanza yataishia katika kikaango cha nani.

Fundi naye awe na vichujio vya akiba, kwa kuwa mafuta haya huosha uchafu wa zamani tangini na vichujio vya kwanza huziba upesi. Mabomba ya mpira wa asili huharibiwa nayo, hivyo yabadilishwe mapema. Wala yasikae ghalani zaidi ya miezi sita.