Teknolojia Isaidie Mwanafunzi Kuhoji Historia

Wapo wanaodhani kuonyesha video darasani ndiko kufundisha Historia kidijitali. La hasha! Mtafiti wa historia huuliza: nani kasema, lini na kwa nini?

Mathalani, mnamo Machi 3, 1959, mahabusu 11 waliuawa katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukabaini ni kipigo. Mijadala ya Bunge la Uingereza kuhusu mauaji hayo inasomeka mtandaoni bila malipo.

Mimi huwafungulia wanafunzi kumbukumbu hizo kwenye tarakilishi, kisha nawaambia: haya, linganisheni madai, mnieleze nani anaficha nini. Aliyezoea swali hilo hahadaiki ovyo na uvumi wa WhatsApp.