Maneno Yanayovuma Eldoret

Jumamosi tarehe 8 Januari 2022, katika mkutano wa hadhara wa chama cha UDA mjini Eldoret, Mithika Linturi, wakati huo Seneta wa Meru, aliwahimiza wakazi waondoe "madoadoa" kwao. Kesho yake alikamatwa na polisi, huku video ikiwa imesambaa simu hadi simu. Aliomba radhi, akasema alikusudia wanasiasa wasiokiunga mkono chama chake, si kabila lolote.

Wenyeji walishtuka, na walikuwa na sababu. Tangu ghasia za miaka ya 1990, jina hilo limebandikwa jamii zinazoitwa wageni katika Bonde la Ufa, na kuyaondoa madoadoa kulimaanisha kuwafurusha watu hao. Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, ndiko wakimbizi waliojificha kanisani walikochomwa moto tarehe 1 Januari 2008, wengi wao wanawake na watoto. Kote nchini Kenya, Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133.

Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ilitoa orodha ya maneno ya kuchunguzwa kuelekea uchaguzi wa Agosti. Madoadoa yalikuwamo. Kwekwe pia.

Lakini Uasin Gishu, kaunti uliko mji wa Eldoret, ni ghala la mahindi. Katika kundi la WhatsApp la wakulima, kwekwe huzungumzwa kila msimu wa palizi, na anayeuza ng'ombe wa maziwa hutaja madoadoa yake meusi na meupe bila nia mbaya. Programu inayofuta kila ujumbe wenye neno lililokatazwa itamnyamazisha mfugaji huyo, huku mchochezi akibuni fumbo jipya. Orodha ile ilikuwa pia na "sipangwingwi", neno lililovuma kupitia wimbo. Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku yake. Orodha inafaa kama onyo, haifai kuwa hakimu. Lazima mtu aulize: nani amesema, kwa nani, wakati gani, na amewataka wafanye nini?

Mzigo huo uliwekwa pia mabegani mwa raia. Mwongozo wa mwaka 2017, uliotolewa na NCIC pamoja na Mamlaka ya Mawasiliano, ulimpa msimamizi wa kundi wajibu wa kudhibiti yanayoandikwa humo. Huyo ana faida kubwa: anawajua watu wake. Fumbo analolisoma mara moja linaweza kumpita mgeni anayelichunguza kutoka mbali.

Kampuni kubwa za mitandao ya kijamii hazijafika hapo. Julai 2022, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa matangazo yaliyojaa chuki za kikabila, ya Kiswahili na Kiingereza. Ya Kiswahili yaliidhinishwa. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza kwa kukiuka sera ya sarufi na lugha chafu, yakarekebishwa, yakapita. NCIC ikaipa Facebook siku saba ijirekebishe, lakini mawaziri wakasema mtandao huo hautafungwa.

Wanaoweza kuifanya vyema kazi ya kuitambua chuki wapo. Jijini Nairobi, kampuni ya Sama ilikuwa imeajiri Waafrika kuchuja maudhui ya Facebook. Mwaka 2023, zaidi ya 180 kati yao waliishtaki Meta, inayomiliki Facebook, na Sama wakipinga kufutwa kazi; baadhi yao wameeleza jinsi kutazama mauaji na mateso siku nzima kulivyowaumiza akili. Wanastahili ajira ya kudumu, mshahara wa haki na matibabu, kwa kuwa wao ndio wanaotambua palipo palizi na palipo wito wa kuua.