Udugu wa Uboho: Mtoaji na Mpokeaji

Zamani, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, watu wawili wasio wa ukoo mmoja waliweza kufanya udugu kwa kuchanjiana: walichanja chale, wakalishana damu, na tangu hapo wakahesabiwa ndugu. Tiba ya kupandikiza uboho huzaa udugu unaofanana na huo, ila utaratibu umegeuka: damu hutangulia, na kufahamiana hufuata.

Uboho ni kitu laini kilichomo ndani ya mifupa. Humo ndimo hutengenezwa chembe za damu. Mgonjwa wa saratani ya damu ambaye dawa za kawaida hazikumponya huweza kupewa uboho wa mtu mwingine. Kwanza, uboho wake mbovu huangamizwa kwa dawa kali au mionzi. Kisha chembe za mtoaji hutiwa katika mshipa wake. Chembe hizo hufyonzwa kwa sindano katika mfupa wa nyonga, mtoaji akiwa amepewa nusukaputi, au huchujwa kutoka katika damu yake. Zikiisha kuingia mwilini mwa mgonjwa, husafiri zenyewe hadi mifupani, na baada ya majuma machache huanza kutengeneza damu mpya. Damu hiyo ni ya mtoaji. Hata kundi la damu la mgonjwa hubadilika likawa la mtoaji. Mtoaji naye hapungukiwi, kwani uboho wake hujijaza tena.

Hata hivyo, si uboho wa kila mtu unaofaa. Alama za urithi zilizo juu ya chembe za watu hao wawili sharti zilingane. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, nafasi ya kulingana ni 1 katika 4. Asiyepata ndugu wa kulingana naye hutafutiwa mgeni. Mwaka 1974, mjini London, Shirley Nolan alianzisha daftari la watoaji kwa ajili ya mwanawe mgonjwa, Anthony. Mtoto huyo alifariki mwaka 1979 bila ya kupata mtoaji, lakini daftari liliendelea. Leo madaftari ya dunia yana watu zaidi ya milioni 40.

Nchini Uingereza, wawili hao hawajulishani majina katika miaka 2 ya kwanza. Huandikiana barua zisizo na majina kupitia daftari. Baadaye, wote wawili wakiridhia, huweza kukutana. Sababu ni ya busara. Ugonjwa ukirudi, mtoaji huenda akaombwa tena, naye anapaswa kujibu kwa hiari, bila ya kushurutishwa na urafiki wala fedha.

Wanapokutana, mizani haiko sawa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini deni hili halilipiki. Na mtoaji huona hakutenda jambo kubwa. Urafiki hudumu pale wote wawili wanapoacha kuhesabu, wakajuliana hali kama ndugu wengine.

Lakini si kila mgonjwa hupata nafasi hiyo. Alama za urithi hufuata asili ya watu, na Waafrika walioandikishwa ni wachache. Nchini Marekani, Mzungu ana nafasi ya asilimia 79 hivi ya kupata mtoaji anayelingana naye katika daftari; mtu mwenye asili ya Afrika, asilimia 29 tu. Ndugu yake huenda yupo, ila hajaandikishwa.