MOYO WA FRIJI UNAISHI MIAKA MINGAPI?

Siku hizi friji si kitu cha mjini tu. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo za umeme zimefika vijiji vingi vya Wilaya ya Mpwapwa. Mtu wa Kibakwe mwenye duka anaweza kuuza soda baridi. Mwenye bucha anaweza kulaza nyama. Muuza samaki wa Mtera halazimiki kuuza kwa hasara jioni kwa kuogopa wataoza.

Wengi hununua friji hizo kwa mkopo wa kikundi. Mkopo una tarehe ya kumaliza. Je, friji nayo itadumu mpaka lini? Ikifa kabla haijarudisha bei yake, mwenye duka ataendelea kulipa deni la kabati bovu. Kwa hiyo yafaa kujua kinachoiua.

KAZI YA KOMPRESA

Tazama nyuma ya friji, upande wa chini. Utaona kitu cheusi cha chuma, kama chungu kilichofunikwa. Hiyo ndiyo kompresa. Ndiyo moyo wa friji. Ikifa, friji inabaki kuwa sanduku la kuwekea nguo.

Unajua jinsi mtungi wa udongo unavyopoza maji. Maji kidogo hupenya udongo na kukauka nje. Yanapokauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Friji hufanya jambo la namna hiyo. Ndani ya mabomba yake mna gesi maalum. Gesi hiyo huingia kwenye chumba cha baridi ikiwa majimaji. Humo hugeuka mvuke, na hapo huchukua joto la soda na samaki.

Sasa mvuke huo lazima urudi kuwa majimaji ili ufanye kazi tena. Kompresa huukandamiza. Ukijaza upepo gurudumu la baiskeli, pampu hupata moto mkononi. Mvuke nao ukikandamizwa hupata moto. Kisha hupita katika mabomba ya nyuma ya friji, hutoa joto nje, hupoa, na huwa majimaji. Ndiyo maana nyuma ya friji pana joto. Ni joto la soda zako, pamoja na joto la mota ya kompresa.

MIAKA MINGAPI?

Kompresa ya friji ya biashara ikitunzwa hudumu miaka 10 hadi 15. Nyingine hufika 20. Isipotunzwa yaweza kufa mwaka wa pili au wa tatu.

Mwaka 1927 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kuuza friji iliyokuwa na kompresa juu ya paa lake. Mota na kompresa vilifungiwa pamoja ndani ya chuma, pamoja na mafuta yake. Watu waliziita Monitor Top. Baadhi ya friji hizo bado zinafanya kazi leo, zaidi ya miaka 90 baadaye. Basi chuma hakichoki upesi kama tunavyodhani. Kompresa nyingi za siku hizi nazo zimefungwa hivyo hivyo. Vumbi haliingii ndani, wala hakuna mahali pa kuongeza mafuta. Mbona basi zinakufa changa?

Adui wa kwanza ni joto. Nyaya za mota zimepakwa gamba jembamba. Gamba hilo huzuia umeme usiruke kutoka waya mmoja hadi mwingine. Joto hulila gamba hilo polepole. Mafundi wa umeme wana kanuni yao. Mota ikizidi kuwa na joto kwa nyuzi 10, umri wa gamba hupungua kwa nusu. Gamba la kudumu miaka 12 litadumu 6. Ongeza nyuzi 10 nyingine, imebaki 3. Hesabu hiyo ni kali kuliko riba ya mkopo.

VUMBI LA KIANGAZI

Sisi wa Mkoa wa Dodoma tunajua kiangazi. Kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hakuna, na upepo hupeperusha vumbi kutwa. Vumbi hilo haliingii ndani ya kompresa, lakini huganda kwenye mabomba ya nyuma. Kwenye friji kubwa za vioo, huziba wavu ulio chini karibu na feni. Wavu ukiziba ni kama mtu kuvaa blanketi mchana wa Oktoba. Joto halitoki. Kompresa hufanya kazi bila kupumzika, na yenyewe inazidi kupata moto.

Dawa ni brashi laini. Kwanza chomoa waya wa umeme. Piga vumbi polepole, usipinde zile bati nyembamba. Wakati wa kiangazi fanya hivyo kila mwezi. Ukiwa kando ya barabara, usingoje hata mwezi uishe. Kazi hii ni ya dakika chache, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa. Ajabu ni kwamba wengi hupangusa mlango wa mbele kila asubuhi, na nyuma hawafiki mwaka mzima.

Tena, usibane friji ukutani. Acha nafasi ya upana wa kiganja au zaidi. Kitambaa cha kufuma cha juu hakina kosa, mradi kisining'inie nyuma. Friza nyingi za kulala hazina mabomba ya nyuma. Mabomba yake yamefichwa katika ubavu, ndiyo maana ubavu huwa na joto ukiugusa. Ukiegemeza magunia ya karanga hapo, umeziba pua. Jua nalo lisiipige friji.

Mlango pia una neno. Weka kipande cha karatasi mlangoni, ufunge, kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umelegea na baridi inatoka. Barafu ikiwa nene ndani, zima friji uiyeyushe. Usiichokoe kwa kisu. Kisu kikitoboa bomba, gesi yote hutoka.

UMEME UKIKATIKA

Adui wa pili ni umeme usiotulia. Friji zetu zimetengenezwa kwa umeme wa volti 230. Mota nyingi huvumilia ukipanda au kushuka kwa asilimia 10, yaani kati ya volti 207 na 253 hivi. Mwisho wa laini ndefu, jioni watu wote wanapowasha taa na televisheni, umeme hushuka. Taa inafifia, nawe unaona ni jambo dogo. Lakini mota ya kompresa huvuta umeme mwingi zaidi katika nyaya zake ili iendelee kusukuma, nazo nyaya hupata moto.

Hatari zaidi ni umeme unapokatika na kurudi papo hapo. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano au zaidi kuliko inapokwisha kuzoea mwendo. Ikizimwa ghafla, ndani ya mabomba bado mna mkandamizo mkubwa. Ukiiwasha mara hiyo hiyo, ni kama kuanza kusukuma mkokoteni uliojaa ukiwa katikati ya mlima. Mota hushindwa kuzunguka, nayo inaungua. Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa friji. Ukirudi, ngoja dakika 5 ndipo uchomeke. Kuna kifaa kidogo cha kukaa kati ya soketi na friji. Hukata umeme ukiwa mbaya, na hungoja dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu tena. Madukani hukiita frijigadi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya kompresa mpya.

NJIANI NA KWA FUNDI

Friji nyingi huumia kabla hazijawashwa. Zinapakiwa Dodoma mjini au Mpwapwa zikiwa zimelazwa, kisha zinarushwarushwa mpaka Kibakwe. Friji ikilala, mafuta ya kompresa hutoka mahali pake na kuingia kwenye mabomba. Isafirishe ikiwa imesimama. Ikiwa imebidi ilale, isimamishe kutwa nzima kabla ya kuiwasha, hata kama wateja wanadai soda baridi.

Ukinunua iliyokwisha kutumika, soma kibao chake. Kibao kinataja aina ya gesi. Gesi ya R12 huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali. Mataifa yalikubaliana kuiacha katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Friji yenye gesi hiyo ni mzigo, iache. R600a ni ya jamii ya gesi ya kupikia, yaani inawaka. Usiruhusu moto wa kuchomelea kabla gesi haijatolewa yote.

Huenda siku moja friji ikakataa. Unasikia inanguruma, kisha "tik", kisha kimya. Baada ya muda inanguruma tena, "tik". Izime. Lakini usikubali haraka kuambiwa kwamba kompresa imekufa. Huenda ni rilei tu, kile kifaa kidogo cha kuiwashia kilichobandikwa ubavuni mwake. Rilei ni ya bei ndogo. Mwombe fundi aipime kwanza, na apime nyaya za mota mbele yako.

Kama imeungua kweli, elewa hili. Mota ikiungua, mafuta hugeuka tindikali na kuenea katika mabomba. Fundi akifunga kompresa mpya bila kusafisha mabomba, tindikali ile itaila na hiyo mpya. Lazima asafishe. Lazima abadilishe ile filta ndogo inayokausha unyevu, ambayo ni kama kidole cha shaba. Kisha anyonye hewa yote kwa pampu ya kunyonyea, ndipo atie gesi ile ile iliyoandikwa kwenye kibao, kwa kipimo kilichoandikwa. Fundi asiye na pampu hiyo huacha hewa na unyevu ndani. Friji itapoza mwezi mmoja au miwili, nawe utamsifu. Kabla hujampa kazi, mwambie akuonyeshe pampu.