Chumvi Ilipoadimika Kampala: Mchezo Unaoeleza Kisa

Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya Korona yalipoingia Uganda, chumvi ilipanda bei ghafula mjini Kampala. Lawama ziliwaangukia walanguzi. Walanguzi wapo kweli. Lakini uhaba waweza kuzaliwa hata pale ambapo kila mtu anafanya kazi yake kwa uaminifu.

Jambo hilo hudhihirishwa na mchezo uliobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, na kundi la Profesa Jay Forrester, unaochezwa tangu miaka ya 1960. Watu wanne huketi mezani: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na mwenye kiwanda. Bidhaa ni bia, ingawa ingeweza kuwa chumvi. Bohari na mizigo ni ya kuigiza tu. Maamuzi ni ya wachezaji wenyewe, nayo ndiyo yanayochunguzwa. Kila mmoja huona bohari yake na oda anazoletewa, basi. Kushauriana ni mwiko, na mzigo hukawia majuma kadhaa njiani.

Wateja hununua kreti 4 kwa juma. Juma la tano hununua 8, na hubaki na 8 hadi mwisho. Badiliko ni hilo moja tu. Hata hivyo, muuza rejareja aonapo rafu inapungua huagiza zaidi. Asipoletewa upesi huagiza tena. Muuza jumla naye huongeza yake juu ya hizo, na kiwandani hufika oda kubwa kupita kiasi. Hatimaye mizigo yote huwasili kwa pamoja, na bohari zikafurika.

Mwaka 1989, Profesa John Sterman wa chuo hicho hicho alichapisha uchunguzi wa mchezo huo. Aligundua kwamba wachezaji husahau shehena waliyokwisha kuiagiza, kisha huwalaumu wateja kuwa ni vigeugeu.

Funzo hili laifaa Uganda, nchi isiyo na pwani, ambayo bidhaa zake nyingi husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mombasa. Mwenye duka hana budi kuandika daftarini safu mbili kabla ya kuagiza: vilivyopo rafuni na vilivyo njiani. Mama wa nyumbani naye, asikiapo uvumi wa uhaba, na apime matumizi ya jiko lake, anunue kiasi hicho tu. Pakiti kumi zikinunuliwa na jirani mmoja mwenye hofu, mwenye duka hudhani mtaa mzima umeongeza ulaji wa chumvi.