Kupiga Picha Kando ya Barabara Kuu: Mambo ya Kuzingatia

Ndugu mkazi wa kambi,

Siku hizi simu nyingi zina kamera. Ukipata kibali cha kwenda Kasulu au Kigoma, huenda ukapenda kupiga picha njiani uwatumie ndugu. Kumpiga picha rafiki yako au milima si kosa. Lakini ziko picha zinazoweza kukuingiza matatani, na nyingine zinazoweza kukutoa roho.

1. SHERIA. Usipige picha kambi ya jeshi, kituo cha polisi, kizuizi cha barabarani, kituo cha mpakani wala askari aliye kazini. Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, inayolinda maeneo ya namna hiyo. Kwenye daraja kubwa, uliza kwanza. Kukosekana kwa kibao cha katazo hakuna maana kwamba umeruhusiwa.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inatutaka tuwe na kibali tunapotoka kambini. Raia akikosea huenda akaonywa tu. Wewe utaulizwa kibali kwanza, ndipo uulizwe habari za picha. Usitoke bila hicho kibali.

2. USALAMA. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 hivi kwa sekunde moja. Ukirudi nyuma hatua mbili ili picha ienee, huku macho yako yapo kwenye simu, dereva hana nafasi ya kukukwepa. Simama mbali na lami, na watoto washikwe mkono.

Lori la mafuta likipinduka, ondoka haraka. Tarehe 10 Agosti 2019, mjini Morogoro, lori la namna hiyo liliwaka na watu zaidi ya 100 wakafariki. Wengi walikuwa wamelisogelea kuchota mafuta. Moto haumuulizi mtu kama amekuja na ndoo au na simu.

3. WATU WENGINE. Majeruhi wa ajali asipigwe picha, aitiwe msaada. Na mkimbizi mwenzako asipigwe bila ridhaa yake. Wako kati yetu waliokimbia watu wanaowatafuta hadi leo. Sura yake ikionekana nyuma yako, na jina la mji kwenye kibao, picha ikafika Bujumbura au Uvira, maficho yake yamekwisha.

UKISIMAMISHWA NA ASKARI: usikimbie wala usibishane. Toa kibali chako, eleza kwa upole ulikuwa unapiga nini na kwa nini. Ukipelekwa kituoni, omba taarifa ifikishwe kwa Mkuu wa Kambi na shirika la kuhudumia wakimbizi, UNHCR. Anayesafiri nawe apeleke habari kwa kiongozi wa zoni siku hiyo hiyo.

Tafadhali wasomee na wasiojua kusoma, hasa vijana.